Marufuku ya tumbaku nje: kazi kubwa iko mpakani

Anayetaka bustani, ufukwe, kituo cha basi au uwanja wa hospitali pawe mahali pasipotumika tumbaku, hoja ya kwanza atakayokutana nayo ni ile ile: hapa ni nje, upepo upo, moshi unapeperuka, kwa nini kumsumbua mtu? Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Tusiipuuze, maana nusu hiyo ndiyo inayoonyesha nguvu ziwekwe wapi.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha vipimo vya moshi wa sigara walivyochukua kwenye bustani na mabaraza ya mikahawa. Aliyekaa chini ya mita moja kutoka kwa mvutaji, upande ambao upepo unaelekea, aliweza kuvuta chembe za moshi kwa kiwango kinachokaribia kile cha ndani ya chumba chenye wavutaji. Akisogea mita 2 hivi, kiwango kilishuka sana, karibu na hali ya kawaida ya hewa. Sigara ikizimwa, moshi uliisha papo hapo, tofauti na chumbani ambako hukaa kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo kuuliza kama mahali pana paa hakutoshi. La kuuliza ni kama asiyevuta anaweza kusogea. Aliye kwenye foleni ya basi akisogea amepoteza nafasi yake. Mtoto aliye kwenye bembea hawezi kumhamisha mtu mzima aliyesimama kando. Mgonjwa wa pumu anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu hupita mlango ule ule ambao wavutaji wameegemea pande zote mbili, na mlango mwingine hana. Kwenye jukwaa la uwanja wa mpira, sigara ya jirani iko chini ya mita moja kutoka puani mwako kwa dakika 90, na wavutaji wakiwa watatu au wanne pamoja, zile mita 2 hazitoshi tena. Hayo ndiyo maeneo ya kuanza nayo. Uwanda mpana usio na watu unaweza kusubiri.

Lipo jambo ambalo wavutaji wengi wenye nia njema hawalijui. Sehemu kubwa ya moshi unaomfikia jirani, takriban asilimia 85, haitoki mdomoni mwa mvutaji. Hutoka kwenye ncha ya sigara inayoungua yenyewe kati ya pumzi na pumzi, na moshi huo haupiti kwenye kichungi chochote. Ndiyo maana kugeuza uso pembeni wakati wa kupuliza, jambo ambalo watu hulifanya kwa adabu kabisa, hakumsaidii sana aliyekaa karibu.

Halafu kuna kipisi. Kichungi cha sigara kinaonekana kama pamba, lakini ni asetati ya selulosi, yaani plastiki iliyosokotwa kuwa maelfu ya nyuzi nyembamba. Hakiozi kama karatasi. Hukatika vipande vidogo na kubaki. Kimenasa nikotini, metali na masizi, na mvua ikinyesha vyote huanza kuchujuka. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2011, takriban kipisi kimoja kilichovutwa, chenye mabaki ya tumbaku, kwa lita moja ya maji kilitosha kuua nusu ya samaki ndani ya siku 4. Mtoto anayetambaa kwenye nyasi huokota kila kitu na kukitia mdomoni, na nikotini iliyobaki kwenye vipisi inaweza kumtapisha na kumlegeza. Mwenye bustani ambaye hajali moshi anapaswa angalau kujali hili, kwa sababu ndiye anayelipa watu wa kuokota.

Kabla ya kuchora mpaka wowote, amua unachokataza. Kuna sera za kuzuia moshi na kuna sera za kuzuia tumbaku, na kuzichanganya huleta ubishi usiokwisha mlangoni. Ukikataza kuvuta sigara peke yake, wiki ya kwanza atatokea mtu na sigara ya kielektroniki akisema huu si moshi ni mvuke, wa pili na kifaa kinachopasha tumbaku bila kuiunguza, wa tatu na shisha akisema hii si sigara, na wa nne anatafuna tumbaku na kutema kwenye ua. Kifungu kinachofaa kinataja vyote kwa majina: sigara, biri, kiko, shisha, tumbaku ya kupashwa moto, sigara za kielektroniki ziwe na nikotini au zisiwe nayo, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Kisha kinataja kisichohusika: vibandiko vya nikotini vya kwenye ngozi, jojo za nikotini na dawa nyingine zilizoidhinishwa za kusaidia kuacha. Sentensi hiyo ya mwisho usiisahau. Mlinzi aliyezidi bidii asije akamnyang'anya mtu jojo ya nikotini, ambayo ndiyo inayomwezesha kutii.

Sasa mpaka. Sera nyingi za nje hufa hapa, na huwa zimeandikwa vizuri tu. Aliyeziandika hakusimama pale na kujiuliza mvutaji atajuaje kuwa amefika.

Njia inayopendwa na waandishi wa sheria ni umbali. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Ufaransa, tangu katikati ya mwaka 2025, imekataza kwenye fukwe wakati wa msimu wa kuogelea, kwenye bustani za umma, kwenye vibanda vya kusubiria basi na kuzunguka shule, ambako umbali uliowekwa ni mita 10. Milan ilianza mwaka 2021 kwa kutaka mvutaji akae mita 10 kutoka kwa watu wengine kwenye vituo vya basi, bustani na viwanja vya michezo, kisha mwaka 2025 ikapanua katazo hadi mitaani na maeneo mengine yote ya umma ya wazi, isipokuwa pale anapoweza kukaa mbali na watu kwa umbali huo huo. Kama msingi wa kisheria, umbali unafaa. Lakini mtu hatembei na futi mfukoni, na mita 10 za mmoja ni mita 4 za mwingine.

Pia umbali unapimwa kutoka wapi? Kifungu kikisema "karibu na mlango", mlinzi hana la kushika. Kikisema mita 10 kutoka mlangoni lakini kikasahau madirisha yanayofunguka na matundu yanayoingiza hewa ya viyoyozi, wavutaji watahamia chini ya dirisha la wodi kwa uhalali kabisa. Jengo lenye feni za kutoa hewa huvuta hewa ya nje kupitia kila uwazi, kwa hiyo moshi ulio mlangoni huingia ndani kila mlango unapofunguliwa. Kama lazima utumie umbali, andika: kutoka ukingo wa kila mlango, dirisha linalofunguka, ngazi ya kuingilia na tundu la kuingizia hewa. Kisha chukua ramani ya eneo na uchore duara kwa kila kimoja. Mara nyingi utakuta maduara yanapishana na kuacha vipande vitatu au vinne vya ardhi vilivyo halali, kimoja nyuma ya mapipa ya takataka na kingine katikati ya njia ya magari. Ukifika hapo, acha maduara. Kataza eneo zima hadi kwenye ukuta, ua, mfereji au ukingo wa barabara, kitu ambacho jicho linakiona bila kuelezwa. Eneo zima ni rahisi kulieleza kwa sentensi moja, na sera isiyoelezeka kwa sentensi moja mlinzi hataitetea saa nane mchana kwenye jua.

Mpaka ukishajulikana, utembee mzima kwa miguu, upande wa nje. Hapo ndipo wavutaji wote watakapohamia, na hiyo ni hesabu, wala si dhana. Kama nje ya geti kuna kituo cha basi au lango la shule ya chekechea, umewahamishia wengine moshi wako. Zungumza na jirani huyo kabla ya siku ya kuanza, na ikiwezekana muanze pamoja.

Na vile vibanda vya kuvutia sigara ndani ya eneo? Msimamo wangu ni kwamba hospitali, shule na viwanja vya watoto visiwe navyo hata kimoja. Kibanda kinamwambia mgonjwa wa mapafu kwamba hospitali yenyewe imemjengea mahali pa kuvutia, na kila mlinzi analazimika kupima nani yuko ndani ya mstari na nani amezidi hatua mbili. Miongozo ya Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, iliyopitishwa mwaka 2007, inasema wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi huo. Kwenye stesheni kubwa au eneo ambalo watu hawawezi kutoka kwa saa nyingi, kibanda kinaweza kuwa suluhisho la mpito. Basi kiwe angalau mita 10 kutoka kwenye njia na milango, upande ambao upepo wa kawaida unauondoa moshi kwenye umati, bila viti, bila televisheni, bila muuza vinywaji, na kiwe na tarehe ya kuondolewa iliyoandikwa tangu mwanzo. Kibanda chenye viti vizuri na kivuli kuliko sehemu zote za bustani huwa kijiwe, na wasiovuta nao huja kukaa.

Mabango yanaonekana jambo dogo, lakini makosa yake ni yale yale kila mahali. Tumia alama ya kimataifa, ISO 7010 namba P002: duara jekundu, usuli mweupe, sigara nyeusi, na mstari mwekundu unaoshuka kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Ongeza alama ya kukataza sigara ya kielektroniki pembeni. Maneno yawe machache na yataje mpaka: "Hakuna tumbaku kuanzia hapa hadi geti la kutokea." Bango lisilosema linaanzia wapi ni pambo tu. Kwa ukubwa wa herufi, kanuni ya wachora mabango ni takriban milimita 25 za urefu kwa kila mita 3 za umbali wa kusomea. Mtu unayetaka asome akiwa mita 9 anahitaji herufi za milimita 75 hivi. Weka katikati ya bango mita 1.5 hadi 1.7 kutoka chini, kwenye kimo cha macho, na si juu ya mlango ambako hakuna anayeinua kichwa. Liwepo kila lango, kila benchi refu, kila kituo na ndani ya maegesho, kwa kuwa watu huwasha sigara wanaposhuka garini. Na chora mstari chini kwenye lami pale mpaka unapokatiza njia. Anayetembea akitazama simu haoni bango, lakini mstari wa rangi miguuni anauona.

Visahani vya majivu, sasa. Kosa linaloharibu sera nzima kwa siku moja ni kuacha chombo cha kuzimia sigara ndani ya eneo lililokatazwa. Chombo hicho ni ruhusa, na kina nguvu kuliko bango lolote. Ondoa vyote, pamoja na vile vilivyojengewa juu ya mapipa ya takataka, au viziba kwa bati. Kosa la pili ni kuondoa bila kuweka mbadala mpakani: mtu anayefika getini na sigara inayowaka ataitupa kwenye majani makavu, na huo ni moto. Weka chombo cha chuma chenye mchanga na kifuniko mita 2 hadi 3 kabla ya mstari, upande wa nje, pamoja na maandishi "Zima hapa". Kikiwekwa baada ya mstari, hata kwa mita 5, utaona watu wakiingia wakivuta ili wakifikie. Kimwagwe kila siku, na majivu yamwagiwe maji kabla ya kuchanganywa na taka nyingine.

Binadamu sasa. Utii mwingi hutokana na watu kujua na kuona wenzao wakifuata. Wanaohitaji kukemewa ni wachache. Lakini hao wachache ndio wanaoamua kama sera itaheshimiwa, na namna ya kuwaendea inafundishika kwa saa mbili za mazoezi. Mlinzi asimwendee mtu kwa nyuma. Aje kwa mbele au ubavuni, asimame hatua mbili mbali, asiguse sigara wala pakiti, na aanze kwa salamu. Maneno yawe mafupi na yawe na njia ya kutokea:

"Shikamoo mzee. Samahani, eneo hili lote hadi kwenye ule mstari halitumiki tumbaku. Pa kuzimia ni pale getini."

Kwa kijana itakuwa "kaka, habari za saa hizi", lakini sehemu ya pili haibadiliki. Kisha mlinzi anaondoka. Hapo ndipo wengi hukosea: wanasimama juu ya mtu wakisubiri azime, na mtu aliyekuwa tayari kuzima anaona ameaibishwa mbele ya watu na kukataa. Mpe nusu dakika bila kumtazama. Akiwa hajatii ukirudi, rudia mara moja kwa sauti ile ile. Mara ya tatu ni ya msimamizi, si ya mlinzi peke yake. Aliyelewa, au anayelia nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, hashughulikiwi kwa kanuni hii. Kwanza anashughulikiwa kama mtu aliye kwenye shida.

Sheria ni msumeno, nayo lazima ikate kote. Daktari mkuu akivutia kwenye ngazi za nyuma, au dereva wa mkurugenzi akivutia kwenye maegesho, hakuna mlinzi atakayethubutu kumwambia mgeni kitu, na wageni huliona hilo upesi kuliko uongozi. Waanze wafanyakazi. Wapewe sera mwezi mmoja kabla ya umma, na wakandarasi wote wawe na kifungu hicho kwenye mikataba yao, pamoja na wauza chakula na waandaaji wa matamasha wanaokodi uwanja. Tamasha moja la usiku lenye mdhamini wa sigara linaweza kufuta kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo sera ikataze pia matangazo, sampuli za bure na udhamini wa tumbaku.

Nikotini ni uraibu, na sera isiyolijua hilo ni ya kikatili na pia haifanyi kazi. Nusu ya nikotini iliyo mwilini huondoka kwa takriban saa 2. Anayemsubiri mgonjwa kwa saa 4 amebakiwa na robo tu. Mikono haitulii, hasira ziko karibu, kichwa kinamgonga. Ukimwambia "hairuhusiwi" na huna kingine cha kumpa, atajificha chooni au kwenye ngazi za dharura, na hapo umeurudisha moshi ndani ya jengo. Hospitali iulize kuhusu tumbaku wakati wa kumpokea mgonjwa na kutoa msaada siku hiyo hiyo, maana dalili za kuikosa huwa kali zaidi siku 2 hadi 3 za mwanzo. Dawa mbadala za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Jojo ziko za miligramu 2 na 4. Ya 4 ni ya anayewasha sigara ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka. Hutafunwa taratibu mpaka ladha ichome, kisha inawekwa kati ya fizi na shavu. Anayeitafuna kama peremende anaimeza nikotini, tumbo linamkoroga, naye anaamini dawa ni mbaya. Mtu wa dawati la mapokezi anaweza kujifunza kueleza hayo kwa dakika 5.

Faini nimeiacha mwisho makusudi. Iwepo, iwe ndogo kiasi cha kutozwa kweli, na ipande kwa anayerudia. New York ilipokataza uvutaji kwenye bustani na fukwe zake mwaka 2011 iliweka dola 50 na kutegemea zaidi mabango na watu kukumbushana. Ufaransa imeweka euro 135. Faini kubwa kupita kiasi haitozwi, kwa kuwa askari anamwonea mtu huruma, au inageuka mlango wa rushwa. Mlinzi asipokee fedha taslimu hata senti. Aandike karatasi yenye namba, tarehe na mahali, na malipo yafanyike kwingine. Miezi 3 ya kwanza toa maonyo ya maandishi tu. Ukianza kutoza siku ya kwanza, habari yote itakuwa ya mtu aliyetozwa asijue.

Mwisho, pima, na uanze kupima kabla ya kutangaza. Kifaa cha kupima chembe ndogo za hewa kinavutia macho, lakini nje kinadanganyika kwa vumbi, magari na mioshi mingine, hivyo bila kipimo cha kulinganisha kilichochukuliwa saa hiyo hiyo upande unaotoka upepo, namba zake hazina maana. Vipisi havidanganyi hivyo. Chagua viwanja sita vya mita 10 kwa 10: mlango mkuu, kituo cha basi, mabenchi, maegesho, kona ya nyuma iliyojificha, na kimoja nje ya mpaka. Siku ya kwanza okota kila kipisi, kwa glavu na koleo, usihesabu. Ukihesabu hapo utakuwa unahesabu vya miezi iliyopita. Rudi baada ya siku 7, siku ile ile ya wiki, uokote na uhesabu vyenye kichungi tu, ili kilichokatika kisihesabiwe mara mbili. Waambie wafagiaji waviache viwanja hivyo wiki hiyo. Kama imenyesha mvua kubwa, rudia, kwani vipisi vimesombwa. Fanya hivyo mara mbili kabla ya kuanza, kisha mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12.

Soma matokeo kiwanja kwa kiwanja, usijumlishe. Mlango mkuu ukipungua na kona ya nyuma ikiongezeka, watu wamejificha: peleka doria huko, kata kichaka kinachowaficha, weka taa. Kiwanja cha nje ya mpaka kikijaa, chombo cha kuzimia ni kidogo au kiko mbali na mstari. Maegesho yakibaki vile vile, bango la pale halisomeki kutoka mlango wa gari. Na vyote vikibaki vile vile, usiongeze faini kwanza. Nenda kaangalie kama kuna kisahani cha majivu ambacho hakikuondolewa.